Adabu za Kusafisha Sikio la Paka

Katika miji ya pwani yetu, tokea Lamu hata Kilwa, paka amekaa na watu kwa ukaribu ambao hakujaliwa mnyama mwingine: hulala jamvini, huingia jikoni bila ya kubisha hodi, na akijipitisha kando ya mtu anayetia udhu hapana amfukuzaye, kwa kuwa wanavyuoni wamefundisha tangu kale kwamba mnyama huyu si najisi, na kwamba maji aliyoyaonja hayaharibiki kwa tohara. Daraja hiyo imempa paka makao ndani ya nyumba, na makao hayo yamemtia chini ya sheria za nyumba. Maana mwenye mji aliyezoea kufagia ua kila asubuhi, kufukiza udi chumbani na kupiga deki baraza, hawezi kumtazama mnyama aliyejilaza juu ya mto wake asimhesabu naye kuwa ni sehemu ya unadhifu unaompasa. Humchana manyoya, humtoa viroboto, humpangusa tongo za macho; kisha, siku moja isiyo na shughuli, humfunua sikio, akaona humo kitu kidogo cha rangi ya kahawia, na papo hapo akaagiza aletewe kijiti cha pamba.

Nataka kusimama kwenye kijiti hicho kabla hakijaingia. Madhara ya masikio ya paka wanaolishwa vema na kupendwa huanzia hapo mara si chache, wala hayaanzi kwa ukatili, bali kwa upendo uliozidi kipimo cha haja. Rai yangu ni kwamba kazi ya kusafisha sikio la mnyama nyumbani, sehemu yake kubwa ni kutazama, kunusa na kuacha. Mkono huja mwisho, na kwa paka mwenye siha mkono hauhitajiki hata kidogo.

Hoja ya rai hiyo imo katika umbo lenyewe. Sikio tulionalo kwa nje, lile lenye kusimama na kugeuzwa huku na huku kwa misuli zaidi ya 20, hukusanya sauti ambazo sisi hatuna habari nazo. Mwanadamu hasikii mitetemo inayopita 20,000 kwa sekunde, na paka husikia hata ile inayopita 60,000, ndiyo sababu humjua panya aliye nyuma ya kabati kabla panya hajajua kuwa amejulikana. Lakini kutoka hapo mfereji wa sikio hauingii kichwani moja kwa moja, kama ulivyo wetu. Hushuka kwanza wima kuelekea chini, upande wa taya, kisha hupinda ghafula na kushika njia ya ndani, hata ukakoma penye kiwambo cha sikio, utando mwembamba ambao nyuma yake vimo vifupa vya kusikia na viungo vya kumsimamisha mnyama asipepesuke. Basi mtu anayetia kijiti na kuona ncha yake imetoka na uchafu hudhani ametoa, na kumbe alichokitoa ni kidogo kuliko alichokisukuma. Kilichosukumwa kimeshuka hata kwenye kile kipindo, kikashindiliwa hapo, mahali ambapo jicho halifiki na ambapo kutikisa kichwa hakukitoi tena.

Na lililo ajabu zaidi ni kwamba sikio lina fundi wake. Ngozi ya kiwambo na ya mfereji huota ikisogea, kidogo kidogo, kutoka ndani kuja nje, ikachukua pamoja nayo nta, vumbi na chembe za ngozi iliyokufa, mpaka zikafika karibu na mlango, ambako paka mwenyewe huzimaliza kwa kutikisa kichwa na kujipangusa kwa mguu wa mbele alioulowesha kwa ulimi. Nta nayo si uchafu. Ni kinga, huinasa takataka na kuyazuia maji. Mwenye kuikomba yote kila Ijumaa kwa nia njema huliacha sikio tupu, likiwa limekwaruzwa na kuloa, na ngozi iliyokwaruzwa ikaloa ndiyo makao wayapendayo ukungu na vijidudu. Nimewajua watu ambao paka wao hawakuugua masikio mpaka walipoanza kuyatunza.

Kutazama, basi, kuna adabu zake. Wakati mwema ni baada ya chakula, mnyama akiwa ameshiba na ana usingizi, mahali penye mwanga wa dirisha. Mara moja kwa juma yatosha. Sikio hukunjwa kwa vidole viwili, pasipo kuvutwa, na yote mawili hutazamwa kwa kulinganishwa, maana tafauti baina ya la kulia na la kushoto husema mengi kuliko sura ya mojawapo. Sikio zima lina ngozi ya waridi hafifu, lina nta kidogo ya manjano au kahawia isiyokoza, wala halina harufu. Kunusa kusidharauliwe: harufu nzito ya chachu aghalabu ni ya ukungu uliozidi, na uvundo hasa, wenye majimaji au usaha, ni wa vijidudu vilivyokwisha kujenga. Kisha shina la sikio, pale chini karibu na taya, liguswe polepole. Paka akiondoa kichwa, akalia au akatoa kucha, amekwisha kueleza kwamba ndani mna maumivu, na siku hiyo kazi ya nyumbani imekwisha.

Yapo mambo mawili yanayowatia watu wasiwasi bure, na ni vema niyaseme kabla mtu hajakodi gari usiku. La kwanza ni kipara cha paka: baina ya jicho na sikio, manyoya yake kwa maumbile ni machache, na kwa paka mweusi ngozi huonekana dhahiri, hata mtu akadhani ni ukurutu. La pili ni kijifuko kidogo cha ngozi kilicho ukingoni mwa sikio, upande wa nje, chini. Si jeraha wala hakikupasuka, bali amezaliwa nacho, na kila paka anacho. Hapana ajuaye kwa yakini kazi yake, ingawa viroboto na kupe hupenda kujificha humo, na kwa hivyo hakikosi kutazamwa.

Ugonjwa unaowasumbua paka wa mitaani kuliko magonjwa mengine yote ya masikio ni ule wa wadudu wa utitiri, ambao wenye elimu huwaita Otodectes. Urefu wao hauzidi nusu ya milimita, na aliye na macho makali huweza kuwaona, akiweka uchafu juu ya karatasi nyeusi mahali penye joto na mwanga, wakiwa nukta nyeupe zinazotambaa. Alama yao kubwa, hata hivyo, haitaki macho makali: sikio hujaa uchafu mkavu, mweusi-mweusi, unaofanana na mashapo ya kahawa yaliyobaki chini ya kikombe, na mnyama hujikuna kwa mguu wa nyuma mpaka akajitoa damu. Watoto wa paka huupata kwa mama yao wakiwa bado wananyonya. Hupita kwa paka wengine na hata kwa mbwa alalaye nao, na ndiyo maana kumtibu mmoja na kuwaacha wenziwe ni kuutembeza ugonjwa nyumba nzima na kuurudisha ulikotoka. Yai la mdudu huyu huanguliwa kwa muda wa siku nne hivi, na mpaka kinda lake likomae na kuzaa hupita kama majuma matatu. Kwa hivyo mtu anayeona nafuu siku ya tano akaiacha dawa, huwa amewaua wazee na kuwaachia watoto mirathi. Hapa kusafisha kuna faida, kwa kuwa dawa haipenyi kwenye ganda la uchafu, lakini kusafisha peke yake si tiba.

Tena si kila kilicho cheusi ni utitiri. Ukungu nao huleta uchafu wa kahawia, na vijidudu huweza kujiunga na wote wawili. Mtu anayetia dawa ya wadudu katika sikio lenye ukungu hupoteza fedha na wakati, na mgonjwa hupoteza zaidi.

Sasa nije kwenye yale yanayomiminwa, ambapo ndipo pa kusemea kwa sauti. Katika nyumba zetu hapana kitu kilicho karibu na mkono ambacho hakijapata kutiwa katika sikio la mnyama: spiriti, siki, maji ya ndimu, maji ya kitunguu saumu, ile dawa ya mapovu ya kuoshea vidonda, mafuta ya taa, na dawa ya kuua vijidudu ambayo ikitiwa majini huyageuza meupe. Spiriti, siki na ndimu huiunguza ngozi ambayo tayari imekunwa. Mapovu huacha unyevu na kukereketa. Mafuta ya taa ni sumu, sikioni na zaidi tumboni, na kila kitiwacho sikioni mwa paka mwishowe hufika tumboni, maana atajipangusa na kuulamba mguu. Kitunguu saumu kikiliwa na paka huziharibu chembe nyekundu za damu yake. Na juu ya mafuta ya karafuu, ambayo Unguja na Pemba hutiwa kwenye jino bovu na kusifiwa, naomba radhi ya wakulima: ini la paka limepungukiwa na kile kinachomwezesha mwanadamu na mbwa kuzivunja sumu za namna hiyo, na lile tone linalotuliza jino la babu laweza kumdhuru paka vibaya. Dawa ya maji meupe huingia katika hukumu hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo ya ini na umbo lake, zisitumike kwa paka dawa za kupe zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, hasa zile zenye permethrini, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe, hata ikapunguzwa kwa maji namna gani. Mfugaji ambaye ameona kupe wa ng'ombe wakianguka kwa kikombe kimoja cha dawa hiyo huona kwamba tone moja kwa paka ni hesabu ya busara. Lakini paka si ng'ombe mdogo. Matone ya masikio ya watu nayo yabaki kwa watu. Baadhi yake yana dawa kama jentamisini, ambayo ikipita kwenye kiwambo kilichotoboka huweza kuua kusikia na kumwacha mnyama akienda upande-upande, na mtu wa nyumbani hana chombo cha kumwonyesha kama kiwambo ni kizima.

Kilicho halali ni kidogo. Yapo maji maalumu ya kusafishia masikio ya wanyama, yanayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo na kwa madaktari wao, nayo ndiyo ya kutia ndani pale ambapo daktari ameona sikio na kuridhia. Kwa upande wa nje, unaoonekana, yatosha maji yaliyochemshwa yakapoa na kutiwa chembe za chumvi, kwa pamba iliyokamuliwa. Mafuta ya nazi, ambayo bibi zetu hawakuyakosa kwa lolote, sitayafukuza kabisa: yakipakwa kidogo kwa pamba juu ya gamba lililokauka kwenye ngozi ya nje hulilainisha likatoka bila ya kukwanguliwa. Kuyamimina ndani ni jambo jingine, na sipendi, kwa kuwa hubaki humo na kunasa vumbi.

Kazi yenyewe huenda vizuri kwa watu wawili, mmoja wa kushika na mmoja wa kutenda, na aliyeshika ndiye mwenye kazi ngumu. Paka hufungwa ndani ya kanga kuukuu au taulo, miguu yote minne ikiwa ndani na kichwa nje, si kwa kukazwa hata akahema, bali kwa kiasi cha kumfanya aone kwamba kupigana hakuna faida; aliyemshika huketi chini jamvini, mgongo wa paka ukiegemea tumbo lake, maana mnyama asiyeuona uso wa mtu mbele yake hutulia zaidi. Chupa ya dawa hushikwa kiganjani kwa dakika chache mpaka ikapata joto la mwili, kwa kuwa maji baridi ndani ya sikio hutia kizunguzungu, jambo ambalo kila mtu aliyepata kusukumiwa maji sikioni hospitalini analifahamu. Ncha ya chupa haiingizwi. Dawa humiminwa mlangoni mpaka ukaonekana mfereji umejaa, kisha vidole viwili husugua shina la sikio kwa nje, chini kuelekea taya, muda wa nusu dakika hivi, na sauti ya majimaji husikika. Sauti hiyo ndiyo dalili kwamba dawa imekifikia kile kipindo ambacho kijiti hakikupata kukifikia kwa wema.

Halafu aachiwe. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kumzuia, ilhali kutikisa kichwa ndiyo nusu ya kazi, maana dawa hupanda na uchafu uliokwisha kulainika. Mradi mtu augeuze uso wake, na nguo nyeupe zisiwe karibu. Kilichokuja juu hupanguswa kwa pamba au kipande cha shashi kilichozungushwa kwenye kidole, hata pale kidole kinapokoma chenyewe bila ya kusukumwa, na pamba ya sikio la kulia haigusi la kushoto. Kidole cha mtu mzima, kwa bahati njema, ni kinene kuliko mfereji wa paka, na unene huo ni mlinzi mwema kuliko maonyo yote ya vitabu. Paka hupewa dagaa wawili watatu palepale, kabla hajapata wasaa wa kukasirika. Akipigana sana asishindwe kwa nguvu. Aachwe hata kesho, maana aliyeshindwa leo hatakubali kushikwa tena.

Juu ya mbwa nitasema kwa ufupi, si kwa kumdharau, bali kwa kuwa katika nyumba nyingi za mwambao hukaa uani au shambani, na sikio lake hukumbukwa linapokuwa limekwisha kuoza. Mfereji wake umepinda vile vile, na ni mrefu zaidi. Wale wenye masikio ya kulala hufunika ndani joto na unyevu usiku na mchana, na hali ya hewa ya Tanga au Mombasa haiwasaidii. Mbwa anayeogelea baharini afutwe masikio kwa kitambaa kikavu atokapo. Akitikisa kichwa siku nyingi, mshipa mdogo huweza kupasuka, sikio la nje likavimba damu na kuwa zito na laini. Lisitobolewe kwa sindano nyumbani, kwa kuwa damu hurudi, na mara ya pili huja na usaha.

Adui mkubwa wa sikio la mbwa wetu ni kupe. Historia ya bara hili yatosha kuwa ithibati kwamba kupe wa sikioni si jambo la kupuuzwa: ndigana kali, ambayo Wazungu waliipa jina la pwani yetu ya mashariki, iliwaua ng'ombe wengi wa Kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20 baada ya kufika huko na ng'ombe waliotoka upande wetu, na mtaalamu wa wadudu Charles Lounsbury ndiye aliyeonyesha kwamba aliyekuwa akiibeba ni kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni mwa ng'ombe. Kupe wa mbwa ni jamaa yake, wa jamii hiyo hiyo, naye hubeba maradhi yake ya damu, yanayomdhoofisha mbwa polepole mpaka watu wakasema amerogwa. Ang'olewe kwa kibano, kwa kushikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa sawasawa bila ya kuzungushwa. Asichomwe moto, asipakwe mafuta ya taa, wala asipasuliwe kwa kucha. Aliyezama ndani ya mfereji, mahali kibano hakifiki, aachiwe daktari.

Kwa paka mweupe kuna neno moja zaidi, ambalo si la ndani ya sikio ila ncha yake. Jua letu huiunguza ngozi isiyo na rangi, na kigaga kidogo kisichopona kwenye ncha ya sikio jeupe huweza kuwa mwanzo wa saratani. Hakisafishwi kikatoka, kila kikibanduliwa hurudi. Kionyeshwe mapema, wakati ambapo kukata ncha ya sikio bado kunatosha.

Na daktari aitwe lini? Ikiwa kichwa kimeinama upande mmoja na hakinyooki; ikiwa mnyama anapepesuka, au macho yake yanakwenda huku na huku yenyewe; ikiwa kope la jicho moja limelegea na mboni imekuwa ndogo kuliko ya pili; ikiwa pana damu, usaha, au uvundo; ikiwa sikio limekwisha kusafishwa kwa adabu zote na baada ya siku mbili tatu limejaa tena. Hayo si ya kanga wala pamba. Kwa siku hiyo ya kwenda, sikio lisiguswe tangu jana yake, ingawa mwenye nyumba ataona haya kumpeleka mgonjwa mchafu mbele ya mtu mwenye elimu, kwa sababu daktari huutaka uchafu ule ule: huuchukua kidogo, akautia chini ya hadubini, na hapo utitiri, ukungu na vijidudu hutengana, kila kimoja kikapata dawa yake. Na ikiwa kuna dawa iliyokwisha kutiwa nyumbani, chupa yake nayo ichukuliwe, hata kama ni ya mafuta ya taa.